JICHO LISILO NA MKONO

Ndugu msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba macho hayana pazia. Lakini wahenga hao hawakuishi wakaziona kamera ambazo serikali ya kaunti iliangika juu ya milingoti katika soko la mji wetu. Laiti wangeziona, naamini wangetuachia methali nyingine: jicho lisilo na mkono halikamati mwizi.

Kabla sijafika mbali, nina jambo la kuungama. Muhula wa pili mwaka jana, Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo katika bwalo la maakuli. Hoja ilikuwa, "Kamera za mjini zitakomesha uhalifu." Mimi ndiye niliyekuwa mtetezi wa kwanza wa hoja. Wengi wenu mtakumbuka nilivyosimama kifua mbele: "Bwana Mwenyekiti, majaji wenye haki, mtunza saa usiyetudhulumu hata nukta, na ninyi wapinzani ambao leo mtakiona cha mtema kuni!" Nikamwaga hoja kama mvua ya masika. Nikasema kamera hailali, haili hongo, haiogopi giza wala haina jamaa katika genge la wezi. Bwalo likavuma kwa makofi.

Basi akasimama dada mmoja wa Kidato cha Pili, mwembamba, sauti yake ya chini. Akauliza swali moja tu: "Kamera ikimwona mwizi, nani atamfukuza?" Watu wakacheka. Nami, kwa ujeuri wa mtu anayeshinda, nikamjibu eti kamera itamfukuza kwa miguu yake mitatu. Kicheko kikazidi. Dada akaketi. Tukashinda kwa kura nyingi mno.

Wiki tatu hazikuisha kabla ya swali lile kunifuata hadi nyumbani.

Mama yangu ni mama mboga. Huuza sukuma wiki, nyanya na vitunguu katika soko hilohilo lenye kamera. Wanaoijua kazi hiyo wanajua kwamba mboga nzuri hununuliwa kabla ya jogoo wa tatu. Malori kutoka mashambani hufika usiku, na anayechelewa huokota masalio. Kwa hivyo mama alikuwa na mazoea ya kutoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri, leso mabegani, pesa zake kibindoni, na simu yake ndogo ya mulika mwizi mkononi ikimwonyesha njia.

Alfajiri moja, hatua chache kutoka lango la soko, alipigwa ngeta. Vijana wawili walimtokea nyuma, mmoja akamkaba koo, mwingine akampekua. Walichukua shilingi 3,200 na simu. Naam, hata mulika mwizi iliibwa na mwizi! Mama alizinduka akiwa ameketi kwenye matope, shingo imemvimba. Alipoinua macho, kitu cha kwanza alichokiona juu ya kichwa chake ni kile kijitaa chekundu cha kamera, kikikonyeza.

Tulifurahi kidogo, msinicheke. Tulisema, afadhali basi, wezi wameonekana. Mama akaenda ofisi za kaunti. Huko akapokelewa kwa upole na kanjo mmoja aliyemwambia kwamba kesi za wizi ni za polisi, aende kituoni apige ripoti. Kituoni akapewa nambari ya OB na kuambiwa kwamba kamera ni za kaunti, polisi hawana ufunguo wa chumba chake. Akarudi kaunti. Mwenye ufunguo alikuwa likizoni. Akangoja. Siku alipofunguliwa mlango hatimaye, fundi alimweleza kwa heshima zote: "Mama, kamera ilifanya kazi yake vizuri. Ilikuona. Lakini mashine hii ikijaa hujifuta yenyewe kila baada ya siku kumi na nne."

Siku za mwizi ni arobaini, ndugu zangu. Siku za picha zilikuwa kumi na nne.

Mama aliuliza kama hapakuwa na mtu aliyekuwa akitazama alfajiri ile. Fundi akasema chumba hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, kama ofisi yoyote. Hapo ndipo lilipo jambo zima ninalotaka kulisema. Kamera haikuharibika. Iliona kila kitu, na hakukuwa na mtu nyuma yake.

Tangu siku hiyo mama hatoki tena gizani. Hungoja kupambazuke. Akifika sokoni, malori yamekwisha, naye hununua kwa madalali kwa bei ya juu. Faida ikapungua, karo ikachelewa, na muhula wa tatu nilikaa nyumbani majuma mawili. Wanaodhani usalama wa soko ni habari za watu wazima tu, waniulize mimi.

Niliporudi shuleni nilimwomba mwalimu mlezi wa chama anisaidie kutafuta habari za nchi zilizotutangulia katika jambo hili. Uingereza ndiyo iliyotangulia sana. Mwaka 1987 baraza la mji wa King's Lynn lilikuwa miongoni mwa mabaraza ya kwanza kuweka kamera mitaani. Katika miaka ya tisini serikali ya nchi hiyo iliyapa mabaraza fedha nyingi, na kamera zikaota kila mji kama uyoga.

Je, uhalifu ulikwisha? La hasha! Mwaka 2005 wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza ilichapisha utafiti uliopima mipango 13 ya kamera. Ni miwili tu ambako uhalifu ulipungua kwa kiasi cha kuaminika ukilinganisha na maeneo ya kulinganishia. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya tafiti za miaka arobaini kutoka nchi mbalimbali. Waliona kwamba kwa wastani uhalifu ulipungua kwa asilimia 13 palipowekwa kamera. Si haba! Lakini sikilizeni vizuri: faida kubwa ilionekana katika maegesho ya magari. Uhalifu wa kutumia nguvu, ambao ndio ukoo wa ngeta, haukuonekana kupungua. Na matokeo mema yalipatikana pale ambapo kulikuwa na watu walioketi wakitazama picha zikija, si pale kamera zilipoachwa zirekodi tu.

Nikaona mantiki yake. Anayeiba gari huja na mipango. Hupima, hutazama huku na huku, na akiona kamera huenda akaghairi. Lakini kijana anayekaba watu alfajiri amejifunika kofia hadi puani, kazi yake ni ya dakika moja, na anajua fika kwamba hakuna atakayemfuata. Ya nini aogope jicho lisilo na mkono?

Wapo watakaoniambia, "Kaka, hizo zilikuwa kamera za zamani. Hizi zetu ni za kisasa, hazina hata waya." Ni kweli, na ni vyema tuelewe zinavyofanya kazi. Kamera isiyotumia waya hupiga picha, kisha kifaa kilichofungwa kwenye mlingoti hurusha picha hizo kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kifaa kingine juu ya jengo, na kutoka hapo hadi chumba cha uangalizi. Faida yake ni kubwa. Hakuna kuchimbua barabara ili kulaza nyaya, na uchimbaji ndio unaokula pesa. Tena kamera yaweza kuhamishwa ikiwa wezi wamehama.

Hata hivyo, waya ulioondolewa ni wa picha, si wa stima. Umeme ukipotea na kama hakuna betri, jicho limefumba. Ghorofa mpya ikijengwa katikati ya vifaa viwili, picha zaweza kukwama njiani. Na mawimbi hayo yasipofungwa kwa siri maalumu, mjanja mwenye kifaa chake anaweza kuyanasa. Kwa hiyo bado panahitajika fundi, mlinzi na fedha za kila mwaka.

Mwaka 2004 baraza la Westminster, jijini London, lilianza kuzijaribu kamera za aina hiyo katika mtaa wa Soho. Kama kuna baraza lililokuwa na uwezo, ni lile. Lakini mwaka 2016 baraza hilohilo liliamua kuzima kamera zake 75 za mitaani, kwa sababu kuziendesha kuligharimu karibu pauni milioni moja kwa mwaka, na kuzifanya upya kungehitaji pauni milioni 1.7 zaidi. Kununua ng'ombe ni kitu kimoja, kumlisha ni kingine. Kaunti yetu ilitutangazia kwa matarumbeta siku ya kuzindua kamera, lakini sikusikia mtu akitutajia bei ya majani.

Hapa kwetu Kenya kuna tatizo jingine ambalo kila mwanafunzi anayesoma Historia na Serikali analijua, ila hatulifikirii. Mwaka 2014 serikali ya kitaifa ilitia saini mkataba na kampuni ya Safaricom wa takriban shilingi bilioni 14.9, uliohusu kamera zipatazo 1,800 katika Nairobi na Mombasa, pamoja na mawasiliano ya polisi. Zile ni za polisi, na polisi ni wa serikali ya kitaifa. Kamera za soko letu ni za kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeigawa kazi waziwazi: huduma za polisi ni za serikali ya kitaifa. Kaunti basi inaweza kununua jicho, lakini mkono wenye pingu si wake. Ikiwa hawa wawili hawajaandikiana mapatano, mama atazunguka baina ya ofisi mbili kama mpira wa makaratasi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini tazama, katika Jedwali hilohilo kuna kazi ambayo ni ya kaunti bila ubishi wowote: taa za barabarani. Hapo, ndugu msomaji, ndipo roho yangu ilipotulia.

Wakenya tumekwisha kuupa mlingoti mrefu wenye taa kali jina lake zuri kabisa: mulika mwizi. Jina hilo halikutoka kwa wataalamu, limetoka kwa watu waliochoka kuporwa. Na wataalamu wamewaunga mkono. Mwaka 2002 tafiti 13 za Marekani na Uingereza zilijumlishwa pamoja, ikaonekana kwamba palipoboreshwa taa uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 20. Mwaka 2016 jiji la New York lilipeleka minara ya taa katika baadhi ya mitaa ya nyumba za umma, iliyochaguliwa kwa kura ili pasiwe na upendeleo. Uhalifu mkubwa wa nje wakati wa usiku ukapungua kwa kiasi cha asilimia 36. Sasa hiyo si mulika mwizi yetu tu, iliyopanda ndege?

Taa ina jambo ambalo kamera haina. Taa haimsaidii afisa aliye chumbani peke yake. Humsaidia mama amwone anayemjia. Humsaidia mlinzi wa soko, dereva wa lori, bodaboda na muuza chai. Hao wote wana macho, na hao wote wana mikono na midomo ya kupiga mayowe. Mahali alipokabiwa mama pana mulika mwizi, lakini balbu zake zilikufa zamani. Kamera mpya imefungwa kwenye mlingoti uo huo! Kaunti ilipandisha fundi juu kabisa, akafunga jicho, akashuka na kuziacha balbu bila kuziwasha.

Haya, tuseme balbu zimewashwa, polisi wameunganishwa na watazamaji wameajiriwa. Bado lipo swali la heshima ya mtu. Katika mdahalo nilisema kwa kujigamba kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa. Nisikilizeni kisa hiki, kisha mniambie.

Mwaka 1995, katika mji wa Brentwood nchini Uingereza, bwana mmoja aliyelemewa na huzuni alitoka usiku akiwa na kisu, akajijeruhi. Hakujua kwamba kamera ya baraza la mji ilikuwa ikimtazama. Mtazamaji aliyekuwa zamu alimwona akiwa na kisu, akawaita polisi, nao wakafika mara moja, wakamnyang'anya kisu na kumpatia matibabu. Mtu akaokolewa! Mnaona kamera yenye mtu nyuma yake inavyoweza kufanya? Hapo mimi mwenyewe nitaipigia makofi.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Baraza lilitaka kujisifia kamera zake. Likatoa picha za bwana yule kwa magazeti na televisheni, uso wake usifichwe barabara. Majirani, wafanyakazi wenzake na jamaa wakamtambua. Hakuwa mhalifu, hakuwa ameshtakiwa kwa lolote. Alikuwa mgonjwa katika saa mbaya kuliko zote za maisha yake, na saa hiyo ikageuzwa tangazo. Alikwenda mahakamani, akashindwa nchini mwake, akafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka 2003 mahakama hiyo iliamua kwamba haki yake ya faragha ilikiukwa.

Basi asiye na hatia ana cha kuogopa. Haogopi kuonwa. Anaogopa picha yake iangukie mikononi mwa nani.

Sisi Wakenya tunayo sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na mwaka 2019 ilipitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data. Sheria hiyo ina meno: mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ikiwa shule inaweza kuulizwa, kaunti pia iulizwe. Nani anaruhusiwa kuingia katika chumba kile? Je, akimwona msichana anayemjua akipita na rafiki yake, hawezi kuipiga picha hiyo kwa simu na kuirusha katika makundi ya mtaani? Mtu akitaka kuona picha zinazomhusu, amwone nani?

Sasa msije mkasema nimegeuka kinyonga. Sisemi kamera zing'olewe. Ninasema zifanywe kazi ambayo tuliahidiwa. Kila mwaka kaunti huwaita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, na kila mwaka ukumbi huwa nusu mtupu. Mwaka huu wazazi wetu wa sokoni waende, na sisi tulio likizoni tuwasindikize, waulize mambo manne.

Kwanza, balbu za mulika mwizi ziwashwe kabla ya shilingi moja zaidi kutumika katika kamera. Pili, chumba kile kiwe na watu saa za wezi, yaani usiku na alfajiri, si saa za ofisi. Tatu, kaunti na polisi waandikiane mapatano, na mtazamaji awe na redio inayomfikia askari wa doria moja kwa moja. Tena aliyeibiwa aende ofisi moja, si mbili, na akishapewa nambari ya OB picha zake zihifadhiwe mpaka kesi iishe. Nne, yabandikwe matangazo sokoni kwa Kiswahili yanayosema kamera ni za nani, picha hukaa siku ngapi, na mwenye malalamiko amwone nani. Hayo hayahitaji mtaalamu kutoka ng'ambo.

Najua wapo walimu watakaosema kijana huyu anaingiza hasira za nyumbani katika jarida la chama. Kweli, hasira ninayo. Lakini jarida hili limekuwa likituambia kila mwaka kwamba Kiswahili si cha mitihani tu. Lugha ambayo haiwezi kumsemea mama mboga aliyeketi matopeni, ni ya nini?

Mwisho, dada yangu wa Kidato cha Pili, ambaye sasa uko cha Tatu, unajijua. Siku ile niliwafanya watu wakucheke. Nakuomba radhi mbele ya shule nzima. Swali lako lilikuwa bora kuliko hotuba yangu yote, na mpaka ninapoandika haya, hakuna aliyemjibu mama. Bado anangoja kupambazuke ndipo atoke.